Wish yangu inakula oili: je, dawa za chupa zitaisaidia?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Ninamiliki Toyota Wish ya mwaka 2004 yenye injini ya 1ZZ, na imekwisha kutembea kilomita 218,000. Gari linakula oili kiasi cha lita moja kwa kila kilomita 1,200, na asubuhi ninapoliwasha hutoa moshi wa bluu kwa muda mfupi. Fundi wangu amenishauri niweke dawa nzito ya kuchanganya na oili. Muuzaji wa spea ameniuzia chupa mbili za kuweka kwenye petroli, moja ya kusafisha nozeli na nyingine ya kuongeza oktani. Rafiki yangu naye anasisitiza kwamba nisafishe injini kwa mafuta ya taa kabla ya kubadili oili. Je, dawa hizi zina msaada wowote kwa injini ya zamani, au ninapoteza fedha? (Msomaji, Iringa)

Jibu: Marahaba. Umeuliza maswali manne kwa pamoja na majibu yake hayafanani. Chupa ya nozeli inaweza kuwa na manufaa kidogo, ya oktani haina kazi kwenye gari lako, dawa nzito itaficha tatizo bila kuliondoa, na huo ushauri wa mafuta ya taa naomba uuache kabisa. Hata hivyo, ipo tiba moja ya kemikali ambayo hakuna aliyekutajia, nayo ndiyo ninayoona ina nafasi kubwa zaidi ya kukusaidia, ilimradi vipimo nitakavyovieleza vithibitishe kwamba injini yako inaumwa kile ninachokishuku.

Mafundi wetu huziita chupa hizi dawa, na neno hilo linafaa kuliko wanavyodhani wenyewe, kwa kuwa dawa hutibu ugonjwa fulani na kuuacha mwingine. Injini iliyotembea sana huwa na matatizo ya aina mbili. Aina ya kwanza ni uchafu: kaboni juu ya pistoni na kwenye valvu, tope la oili kwenye sampo (bakuli la oili lililo chini ya injini), utando kwenye midomo ya nozeli zinazorushia petroli. Uchafu huo uliletwa na kemia na kemia inaweza kuuondoa, angalau kwa sehemu. Aina ya pili ni kulika kwa vyuma na kukakamaa kwa mipira. Silinda iliyopanuka au beringi iliyolika haiwezi kurudishwa na kimiminika chochote, hata kama lebo ya chupa ina picha ya simba. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: hiyo lita moja inayopotea inapotea kwa sababu ya uchafu au kwa sababu ya chuma?

Injini yako ya 1ZZ-FE ina silinda nne zenye ujazo wa jumla wa cc 1,794, na kila pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu huzuia mgandamizo usivujie chini. Ya tatu, yaani ringi ya oili, hukwangua oili iliyorushwa kwenye ukuta wa silinda na kuirudisha kwenye sampo kupitia matundu yaliyotobolewa ndani ya mfereji wake. Katika injini za aina hii, hasa zilizotengenezwa miaka ya mwanzo, matundu hayo ni madogo na machache. Oili ikikaa muda mrefu bila kubadilishwa, huungua kidogo kidogo hapo hapo, kwa kuwa mfereji huo hauko mbali na moto, na masalia yake huziba matundu na kuigandisha ringi. Tangu siku hiyo oili inayokwanguliwa hukosa njia ya kurudi, nayo hupanda juu na kuungua pamoja na petroli.

Niliwahi kufungua injini ya namna hii iliyofikishwa gereji ikiwa inakula oili kuliko yako. Silinda zilikuwa nzima, na kwa mwanga wa tochi bado niliiona ile mistari myembamba inayopishana ambayo kiwanda huichora kwenye ukuta wa silinda. Nilipojaribu kuizungusha kwa kidole ringi ya oili ya pistoni ya tatu, haikusogea hata kidogo, kana kwamba imechomelewa. Nikachukua sindano ya kushonea magunia na kuchokoa tundu moja, kikatoka kipunje cheusi kigumu mithili ya ukoko ulioungua chini ya sufuria. Matundu yote ya pistoni hiyo yalikuwa hivyo, na ya pistoni nyingine tatu hayakuwa na nafuu kubwa. Mwenye gari alikuwa amekwisha kumimina chupa sita za ile dawa nzito unayoshauriwa wewe, wakati chuma cha injini yake hakikuwa na kasoro yoyote ya kuhitaji oili nzito.

Ndiyo maana nakusihi upime kabla ya kununua. Anza na kiasi chenyewe cha oili, maana watu wengi hukadiria kwa macho. Egesha gari mahali pamoja palipo tambarare, subiri dakika kumi baada ya kuzima, jaza hadi alama ya juu ya kijiti, andika kilomita, kisha kila unapoongeza tumia chombo chenye vipimo. Kwa taarifa yako, vitabu vya magari ya Toyota hutaja lita moja kwa kilomita 1,000 kama kikomo cha juu cha ulaji wa oili, kwa hiyo wewe hujakivuka, ingawa mimi mwenyewe nisingeridhika na gari linalokula kiasi hicho.

Hatua ya pili ni kuusoma moshi. Moshi wa bluu unaotoka asubuhi kwa muda mfupi kisha ukaisha kwa kawaida hutokana na mipira ya valvu iliyokakamaa, kwa sababu usiku oili huchuruzika polepole kupitia shina la valvu na kuingia kwenye silinda. Ninyi wa Iringa mna kipimo cha bure ambacho watu wa Dar es Salaam hawana, nao ni mteremko wa Kitonga. Shuka kuelekea Mikumi kwa gia ya chini, mguu ukiwa nje ya pedali ya mafuta, na umwombe mwenzako akufuate na gari lake kwa umbali salama. Ukifika chini na kukanyaga mafuta, likitoka wingu moja la bluu kisha likapotea, shuku mipira ya valvu, kwa kuwa wakati wa kushuka injini hufyonza hewa kwa nguvu na kuivuta oili kutoka juu. Ikiwa moshi hutoka zaidi wakati wa kurudi, gari likiwa limelemewa na mlima, shuku ringi. Yawezekana kabisa ukawa na yote mawili.

Hatua ya tatu ni valvu ya PCV, kidude kidogo kinachorudisha mvuke wa sampo kwenye njia ya hewa ili uungue. Kikinasa, kinaweza kuifanya injini inywe oili hata kama ringi ni mpya. Mwambie fundi akitoe na akipulize. Upande unaokaa kwenye injini hewa inapaswa kupita kwa urahisi, na upande wa pili ipite kwa shida. Huwa ninashangaa ni magari mangapi hufunguliwa injini kabla mtu hajakigusa kidude hicho, ambacho bei yake ni ndogo kuliko ya hizo chupa mbili ulizouziwa.

Hatua ya nne, na ndiyo iliyo muhimu kuliko zote kwa injini yako, ni kupima mgandamizo wa kila silinda, kwanza pakavu, kisha baada ya kumimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi. Iringa mko juu, kiasi cha mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi, hivyo usishtuke geji ikisoma pungufu ya namba ya kitabu. Linganisha silinda kwa silinda. Zikikaribiana kwa psi 15 au chini ya hapo, ni ishara njema. Silinda ikiwa chini kwa kiasi kikubwa kuliko wenzake kisha ikapanda baada ya kuongezwa oili, ringi zake za juu au ukuta wake umelika. Lakini ikiwa zote nne ni nzima na gari bado linakula oili, basi ringi za juu zinafanya kazi na mshukiwa mkuu anabaki kuwa ringi ya oili iliyogandishwa na uchafu. Hapo ndipo kemikali ina kazi ya kufanya.

Sasa nizijadili chupa zenyewe, nikianza na ile nzito. Dawa nyingi za aina hiyo ni polima zilizoyeyushwa ndani ya oili, zinazomiminika kama asali, na kazi yake ni kuufanya mchanganyiko wote uwe mzito. Oili nzito hupenya polepole kwenye mwanya, kwa hiyo moshi hupungua na kelele hutulia kwa wiki kadhaa. Kisha gia na pampu huzikatakata polima hizo na oili hurudi kuwa nyepesi, huku uchafu ukiwa pale pale. Kama shida ingekuwa uzito tu, ungeweza kununua oili yenye uzito huo tangu mwanzo: kwenye nyuzi 100, oili ya daraja la 30 ina mnato wa kati ya 9.3 na 12.5, na ya daraja la 40 kati ya 12.5 na 16.3, kwa kipimo cha sentistoki. Tena injini yako ina VVT-i, mfumo unaoizungusha kamshafti (mhimili unaofungua valvu) kwa shinikizo la oili inayopita kwenye valvu ndogo yenye kichujio chembamba, na oili nzito mno huuchelewesha, hasa asubuhi za Juni na Julai kwenu huko.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba oili yenyewe tayari imejaa dawa. Katika galoni unayonunua, sehemu kubwa ni oili ya msingi, lakini kiasi kinachoweza kufikia robo ni viongezwa: sabuni za kalisiamu na magnesiamu zinazozuia asidi na kusafisha sehemu zenye joto, kemikali zinazoushika uchafu ili uelee badala ya kutuama, vizuia povu, vizuia kutu, polima za mnato, na kemikali ya zinki na fosforasi inayoweka utando wa kinga pale chuma kinapokutana na chuma. Viwanda huvipima viongezwa hivyo kwa pamoja kwa sababu vyote hushindania uso ule ule wa chuma. Ukiongeza kimoja kwa kumimina chupa, unaweza kukisukuma kingine kikakosa nafasi. Fosforasi ni mfano mzuri. Tangu daraja la API SM la mwaka 2004 (API ni taasisi ya Marekani inayopanga madaraja ya oili), oili nyepesi kama 5W-30 zimewekewa kikomo cha asilimia 0.08 ya fosforasi, kwa sababu huharibu masega yanayosafisha moshi kwenye ekzosi. Wenye Land Rover na Peugeot za zamani, ambazo kamshafti zake husugua vyuma kwa mkandamizo mkubwa, wana sababu ya kutafuta oili yenye zinki nyingi. Wewe huna sababu hiyo.

Kuhusu zile zinazodai kuifunika injini kwa utando wa plastiki ya PTFE, yaani jamaa wa kikaangio kisichoshika chakula, nitakukumbusha kisa kimoja kilichomo kwenye kumbukumbu za umma. Mwaka 1996 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliwashitaki watengenezaji wa Slick 50 kwa kutangaza manufaa wasiyokuwa na ushahidi nayo, na mwaka 1997 kampuni ikakubali kuacha madai hayo. Dawa za aina hiyo bado zinauzwa zikiwa na majina mengine. Za molibdeni na grafiti ni afadhali, kwa kuwa vitu hivyo kweli hupunguza msuguano, ila havizibui tundu lililoziba na hazikuhusu kwa leo.

Rafiki yako ana nia njema, lakini mafuta ya taa ndani ya sampo huifanya oili kuwa nyepesi kiasi cha kushindwa kuzitenganisha beringi na kreni (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), hata injini ikiwa inaunguruma tu bila mzigo. Hatari kubwa zaidi ni tope. Mafuta ya taa hulibandua kwa mabonge, na bonge hilo huenda moja kwa moja kwenye chujio la pampu lililo chini ya sampo. Likiziba, taa nyekundu ya oili huwaka, na dakika chache baadaye injini hunoki. Injini yenye tope husafishwa polepole kwa oili bora yenye sabuni, ikibadilishwa mapema, kwa mfano kila baada ya kilomita 2,000 hadi 3,000 kwa awamu tatu, pamoja na filta kila mara. Ni njia isiyo na mbwembwe, na kwa hiyo hakuna anayeitangaza.

Tuje kwenye petroli. Chupa ya kusafisha nozeli inategemea kilichomo. Kemikali ninayoiamini ni polietheramini, ambayo lebo huifupisha kuwa PEA, kwa sababu hustahimili joto la ndani ya silinda na husafisha nozeli, valvu za kuingizia na hata sehemu ya juu ya pistoni. Ikiwa lebo haisemi chochote kuhusu kilichomo, mara nyingi unakuwa umenunua kiyeyushi kinachofanana sana na mafuta ya taa kwa bei ya manukato. Tumia chupa moja kwa tanki zima, litembeze hadi libaki robo, na ufanye hivyo kabla ya kubadili oili, kwa kuwa kiasi fulani cha kemikali hiyo hupita kwenye ringi na kuingia kwenye sampo. Mara moja kwa mwaka inatosha. Lakini dawa inayopita kwenye petroli haifiki kwenye mfereji wa ringi ya oili kwa kiasi cha maana, kwa hiyo usitegemee kwamba itapunguza ulaji wa oili. (Wenzako wenye Wish ya lita 2.0 iliyo na D4 wana hasara zaidi: nozeli zao hurushia petroli ndani ya silinda moja kwa moja, hivyo valvu za kuingizia haziguswi na petroli, na hakuna dawa ya tanki itakayozisafisha.)

Hiyo ya oktani irudishe dukani ikiwezekana. Injini yako ilibuniwa kutumia petroli ya kawaida ya Japani, ambayo kiwango chake cha chini ni oktani 89, na petroli halali ya hapa kwetu haiko chini ya hapo. Oktani haiongezi nguvu katika injini isiyogonga, bali huzuia tu petroli kujilipukia kabla ya wakati. Tena baadhi ya dawa hizo hutumia misombo ya chuma au manganizi inayoacha vumbi jekundu au la kahawia kwenye plagi. Kama injini inagonga mlimani, chunguza kwanza kama petroli yenyewe ni safi. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulikithiri nchini hadi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanzisha uwekaji wa vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipotee. Petroli iliyochanganywa hushusha oktani, huongeza kaboni na kuilainisha oili, yaani hulea ugonjwa ule ule unaokusumbua.

Ikiwa vipimo vitaonyesha mgandamizo mzuri na PCV nzima, tiba ninayokupendekezea ni kulowesha pistoni. Injini ikiwa na joto la wastani, fundi atoe koili na plagi, na aizungushe kreni kwa spana hadi pistoni zote nne ziwe katikati ya safari yake. Kisha amimine katika kila silinda mililita 30 hadi 50 za kiyeyushi cha kaboni kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, afunike matundu kwa kitambaa safi na kuliacha gari lilale. Asubuhi arudie, na jioni yake amalizie. Hatua inayofuata haina mzaha. Kabla ya kurudisha plagi ni lazima injini izungushwe kwa stata ikiwa wazi, umeme wa koili na nozeli ukiwa umekatwa na matundu yakiwa yamefunikwa kwa matambara, ili kimiminika kilichobaki kitoke. Kimiminika hakigandamiziki, na kikibaki kwenye silinda kinaweza kupinda konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na kreni. Watu wasimame mbali na pasiwe na moto karibu. Baada ya hapo mwage oili yote pamoja na filta, weka mpya, na uwashe gari mahali pa wazi, kwa maana litatoa moshi mzito kwa muda, na majirani watadhani linaungua.

Nimeona tiba hii ikishusha ulaji wa oili kwa zaidi ya nusu, na nimeiona pia ikishindwa kabisa. Rudia vipimo vyako vya kilomita kwa angalau kilomita 2,000 kabla ya kuamua. Kwa oili, tumia 10W-30 au 10W-40 ya daraja la API SL au la juu zaidi, ikiwezekana ile iliyoandikwa kwamba ni ya injini zilizotembea sana, kwa sababu huwa na kemikali zinazolainisha mipira iliyokakamaa, na hilo linaweza kuupunguza ule moshi wa asubuhi. Sampo na filta huchukua lita 3.7, na uibadilishe kila kilomita 5,000 bila kusubiri.

Ikishindikana, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kufungua injini na kuweka pistoni na ringi za toleo jipya lenye matundu makubwa zaidi, pamoja na mipira ya valvu. Ya pili ni kununua injini iliyotumika kutoka Japani, kama wengi wanavyofanya pale Gerezani, Kariakoo. Ukichagua hiyo ya pili, usiridhike na maneno kwamba imetembea kidogo. Fungua kifuniko cha kujazia oili, umulike kwa tochi, na ukiona masizi meusi yaliyoganda juu ya kamshafti mahali panapopaswa kuwa na rangi ya dhahabu hafifu, iache, kwa kuwa ringi za oili za injini hiyo huenda ziko katika hali ile ile ya hizo unazotaka kuzikimbia.